Karamojo Bell: mwindaji aliyeangusha tembo zaidi ya 1,000 kwa bunduki ndogo

Mwanzoni mwa karne ya 20, wazungu wengi walipita katika mbuga na misitu ya Uganda, Sudan na Kongo wakitafuta meno ya tembo. Wengi wamesahauliwa. Mmoja bado anatajwa kila mara watu wanapobishana juu ya bunduki, baruti na uzito wa risasi: Walter Dalrymple Maitland Bell, mwenyeji wa Scotland, aliyejulikana kwa jina la Karamojo Bell. Katika maisha yake aliua tembo 1,011, na kati yao karibu 800 aliwaua kwa bunduki ambayo wawindaji wenzake waliiona inafaa kwa swala tu.

Maisha yake yanaeleza jinsi kemia ya baruti mpya ilivyobadilisha uwindaji, na jinsi mabadiliko hayo yalivyofika hadi kwenye mipaka ya Kongo yetu.

Mtoto yatima aliyekataa shule

Bell alizaliwa mwaka wa 1880 katika shamba la familia yake, Clifton Hall, karibu na mji wa Edinburgh. Familia ilikuwa na mali, na watoto walikuwa kumi. Mama alifariki Bell akiwa na miaka miwili, na baba akamfuata mtoto akiwa na miaka sita. Kaka zake wakubwa ndio waliomlea, lakini hawakumuweza. Alitoroka shule moja baada ya nyingine. Alipofika miaka 13, wakaona heri wamtume baharini akafanye kazi katika meli.

Akili yake yote ilikuwa Afrika. Alikuwa amesoma habari za wawindaji wa zamani na akaamua kwamba naye atakuwa mwindaji wa tembo. Alipofika umri wa miaka 16 hivi, alipata kazi katika reli ya Uganda, ile iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea ziwa Victoria. Simba walikuwa wanasumbua njia hiyo na kushambulia wafanyakazi. Kazi ya kijana Bell ilikuwa kuwapiga risasi.

Alikuja na bunduki moja tu, ya mtengenezaji Fraser wa Edinburgh. Ilikuwa inaingiza risasi moja kwa wakati, ya aina ya .303, ambayo jeshi la Uingereza lilikuwa likitumia. Ilikuwa bunduki nzuri, iliyotengenezwa kwa ufundi mkubwa. Lakini katika joto la nyika ya Kenya, kijana huyo alipata somo ambalo hakulisahau mpaka kufa: baada ya kupiga, ganda la risasi lilikwama ndani ya mtutu. Chombo cha kulitoa hakikuweza kulivuta. Simba yuko mbele, na bunduki imegeuka fimbo.

Kwa nini ganda lilikwama

Ili kuelewa jambo hilo, inabidi kurudi nyuma kidogo. Kwa mamia ya miaka, bunduki zote za dunia zilitumia baruti nyeusi, mchanganyiko wa chumvi ya shura, makaa na kiberiti. Baruti hiyo hutoa moshi mwingi mweupe, huchafua mtutu, na nguvu yake ina kikomo. Aliyetaka kuua mnyama mkubwa alikuwa na njia moja: kuongeza ukubwa wa risasi. Ndiyo maana wawindaji wa tembo wa zamani walibeba bunduki nzito kama mizinga midogo. Ile iliyoitwa nambari 4 ilipiga tufe la risasi lenye uzito wa karibu gramu 113, yaani robo ya ratili ya Kiingereza. Bunduki yenyewe ilikuwa mzigo, na teke lake liliweza kumwangusha mwenye kuipiga.

Mwaka wa 1884, mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti mpya kutoka pamba iliyochanganywa na asidi. Haikutoa moshi mwingi, na nguvu yake ilizidi ile ya zamani karibu mara tatu kwa uzito uleule. Miaka miwili baadaye, Ufaransa ikawapa askari wake bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Alfred Nobel, tajiri wa Sweden, naye akatoa ya kwake mwaka wa 1887. Mwaka wa 1889, Waingereza Frederick Abel na James Dewar wakatengeneza baruti yenye umbo la nyuzi ndefu kama tambi, ikaitwa kordaiti.

Kordaiti ya kwanza ilikuwa na asilimia 58 ya nitrogliserini, asilimia 37 ya pamba ya baruti, na asilimia 5 ya vaselini. Ilikuwa na nguvu sana, lakini pia ilikuwa na tabia moja mbaya: inapopata joto kabla ya kupigwa, huwaka haraka zaidi na kusukuma gesi kwa nguvu zaidi. Risasi iliyopimwa vizuri katika baridi ya Uingereza ilifanya kazi sawasawa huko. Risasi ileile, ikilala saa nyingi kwenye jua la Afrika, inazidisha nguvu. Ganda la shaba linatanuka na kubana kuta za chumba cha bunduki, na kulitoa kunakuwa kazi.

Hilo ndilo lililompata Bell kwenye reli. Tangu siku zile, hakuuliza kwanza kama bunduki ina nguvu nyingi. Aliuliza kama risasi itawaka bila kuchelewa, kama ganda litatoka, na kama kichwa cha risasi kitaenda njia iliyonyooka.

Dhahabu, vita, kisha tembo

Kabla ya kurudi Afrika, Bell alipitia mengine. Alikwenda Klondike, kaskazini ya Kanada, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Hakupata dhahabu ya maana, lakini aliwinda wanyama na kuuza nyama katika mji wa Dawson. Mwenzake wa biashara alimwibia karibu pesa zote, na Bell akalazimika kuuza bunduki yake ili apate njia ya kutoka huko. Vita vya Makaburu vilipoanza Afrika ya Kusini, akajiunga na askari wapanda farasi wa Kanada. Farasi wake alipigwa, akatekwa, akatoroka na kurudi upande wa Waingereza.

Vita vilipoisha mwaka wa 1902, alibaki Afrika na kuanza kazi aliyoiota tangu utotoni. Alielekea Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, nchi ya wafugaji ambako utawala wa kikoloni ulikuwa bado haujafika. Njia yake ilianzia Mumias, upande wa Kenya ya leo, ambako wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani walikuwa wakikusanya misafara yao ya pembe. Wao walimtangulia Bell katika nchi ile kwa miaka mingi. Ni huko Karamoja alikopata jina lililomfuata maisha yake yote.

Bell hakuwa na jeshi la kumlinda, na alielewa kwamba bila wenyeji hatafanikiwa. Aliahidi kumpa ng'ombe mtu aliyemletea habari ya tembo dume wenye meno makubwa. Nyama ya wanyama aliowaua iliachiwa watu wa vijiji. Katika vitabu vyake alimtaja sana mwenyeji mmoja wa Karamoja, Pyjale, ambaye alimfundisha kufuata nyayo na ambaye alikuwa mwenzake wa porini. Bila macho na miguu ya watu kama huyo, hesabu ya Bell isingefika popote.

Risasi nzito katika mtutu mwembamba

Wakati Bell alipoanza, wawindaji wengi walikuwa wamehamia kwenye bunduki mpya za mitutu miwili za Uingereza. Mwaka wa 1898, kampuni ya John Rigby ilileta .450 Nitro Express. Ilitumia gramu 4.5 hivi za kordaiti na kichwa cha risasi cha gramu 31. Baadaye zikaja kubwa zaidi, kama .577 yenye kichwa cha karibu gramu 49, na .600 yenye kichwa cha gramu 58.

Mafundi wa bunduki hizo walikuwa wamejifunza somo lilelile la joto. Ganda la .450 lilikuwa refu na pana kuliko ilivyohitajika ili kutosha kordaiti yake. Nafasi iliyobaki ilikuwa na faida: gesi ilipata mahali pa kutanuka, nguvu yake kwenye kuta ikapungua, na ganda likatoka kwa urahisi hata kwenye jua kali. Baadhi ya viwanda viliuza risasi maalumu kwa ajili ya nchi za joto, zenye kordaiti iliyopunguzwa kidogo.

Kuna kanuni ambayo kila fundi wa risasi anaijua. Kichwa cha risasi kikiwa kizito, kinachelewa kuanza safari. Wakati kinachelewa, baruti inaendelea kuwaka nyuma yake na gesi inajazana. Kwa hiyo mwenye kutaka kichwa kizito lazima apunguze baruti au achague baruti inayowaka polepole. Akikosea kipimo, ganda linakwama. Akikosea zaidi, bunduki inapasuka mkononi. Hatari ilikuwa kubwa hasa kwa watu waliokuwa na bunduki za zamani za baruti nyeusi. Wengine walijaza baruti mpya kwa kipimo kilekile cha zamani, kijiko kwa kijiko, na bunduki zao zikavunjika. Ilibidi viwanda vitengeneze risasi za aina ya pekee, zenye kordaiti kidogo, kwa ajili ya bunduki hizo za wazee.

Bunduki ya mitutu miwili nayo ilikuwa na sharti lake. Fundi aliunganisha mitutu hiyo miwili ili yote ipige mahali pamoja kwa kipimo kimoja tu cha baruti na uzito mmoja tu wa kichwa. Vipimo hivyo vilichorwa kwenye chuma chenyewe. Mwenye bunduki akibadilisha baruti au uzito, mtutu wa kulia na wa kushoto hupiga mbalimbali. Hata leo, watu wanaotunza bunduki hizo za kale na kuzipigia baruti za kisasa wanafuata sheria hiyo: hawatafuti mwendo mpya, wanatafuta kurudia mwendo ule ambao fundi aliupima zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Bell alizijua bunduki hizo, na kwa muda alitumia moja ya mitutu miwili ya aina ya .450/400. Lakini alizidi kupenda bunduki nyepesi, yenye komeo, ya mfumo wa Mauser wa Ujerumani, iliyouzwa na Rigby wa London kwa jina la .275. Mtutu wake ulikuwa wa milimita 7 tu. Kichwa cha risasi kilikuwa na gramu 11.2, kirefu, chenye ncha ya mviringo, kimefunikwa chote kwa chuma kigumu. Ilikuwa risasi ya kijeshi ya miaka ya 1890.

Kwa hesabu ya nguvu, bunduki hiyo haikufikia hata nusu ya .450. Bell alitazama hesabu nyingine. Gramu 11.2 ni kidogo ukilinganisha na 31, lakini katika mtutu wa milimita 7 kichwa hicho ni kizito na kirefu sana kulingana na upana wake. Kitu kirefu na chembamba, kikienda kwa mwendo wa kiasi wa karibu mita 700 kwa sekunde, kinapenya sana na hakipindi njia. Kwa Bell, hicho ndicho kilichohitajika.

Kusoma kichwa cha tembo

Kichwa cha tembo ni kikubwa, lakini sehemu kubwa yake ni mfupa wenye matundu kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe umefichika nyuma, chini, kati ya masikio. Mwenye kupiga bila kujua anaweza kutoboa kichwa mara kadhaa na mnyama akaendelea kukimbia, au akageuka na kumshambulia.

Bell alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Alilichunguza kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Akajifunza kupiga hata tembo anayekimbia kwenda mbele, kwa risasi inayoingia kwa pembe kutoka nyuma ya kichwa. Wawindaji bado wanaita pigo hilo kwa jina lake.

Alifanya mazoezi kila siku. Alipokuwa anatembea, aliinua bunduki tupu na kulenga vitu vya mbali, mara nyingi kwa siku, mpaka mkono na jicho vikawa kitu kimoja. Bunduki nyepesi iliruhusu hayo. Bunduki ya kilo 7 ingebebwa na mtumishi, na ingefika mikononi mwa mwindaji dakika ya mwisho tu. Yake aliibeba mwenyewe, kutoka asubuhi mpaka jioni, kwa safari zilizomaliza jozi nyingi za viatu kila mwaka.

Alijaribu pia bunduki nyingine. Ile ya Mannlicher ya milimita 6.5, yenye kichwa kirefu cha gramu 10 hivi, aliipenda kwa wepesi wake, lakini aliiacha kwa sababu risasi alizozipata hazikuwa za kuaminika. Alitumia .303 ya kijeshi yenye kichwa cha karibu gramu 14. Alitumia pia .318 ya Westley Richards yenye kichwa cha gramu 16. Kila mara alirudi kwenye 7, na sababu haikuwa nguvu. Risasi za Kijerumani za bunduki hiyo ziliwaka kila mara na maganda yake yalitoka kila mara.

Jambo moja zaidi linaonyesha jinsi alivyofikiri. Kuanzia miaka ya 1900, majeshi ya Ulaya yaliacha vichwa virefu vya mviringo na kuchukua vichwa vyepesi vyenye ncha kali, ambavyo vilikwenda mbali na kwa kasi zaidi. Ujerumani ilichukua kichwa cha gramu 10 na Uingereza ikachukua cha gramu 11.3. Vilikuwa vizuri vitani, lakini vikiingia katika mwili mkubwa vinapinduka na kupoteza njia. Wawindaji wa tembo waliendelea kutafuta risasi za mtindo wa zamani. Kwao, kichwa kizito na cha polepole kilikuwa bora kuliko kichwa kipya na chepesi.

Lado, mlangoni pa Kongo

Sura ya maisha ya Bell inayogusa nchi yetu moja kwa moja ni ile ya Lado. Eneo hilo lilikuwa upande wa magharibi wa mto Nile, kaskazini ya ziwa Albert. Kwa mapatano ya mwaka wa 1894, Uingereza ilimkodishia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola Huru ya Kongo, sehemu hiyo kwa muda wa maisha yake. Maofisa wa Kibelgiji wakakaa Lado, Kiro na Rejaf, na tembo walikuwa wengi mno.

Bell alivuka Nile, akapata kibali cha kuwinda kutoka kwa Wabelgiji na kufanya kazi humo kwa miezi mingi. Ilikuwa moja ya nyakati zake za faida kubwa. Siku moja iliyobaki katika kumbukumbu zake, aliangusha tembo tisa.

Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Mapatano yalisema kwamba Wabelgiji wangeondoka ndani ya miezi sita, na katikati ya Juni 1910 Lado ikapewa Sudan. Baadaye sehemu yake ya kusini ikaingia Uganda. Kipande cha Mahagi tu, chenye mlango wa ziwa Albert, ndicho kilichobaki upande wa Kongo, na mpaka huo ndio wakazi wa Ituri wanaouona mpaka leo.

Katika miezi hiyo, eneo lilikuwa kama nyumba isiyo na mwenyewe. Wawindaji wa kila aina waliingia bila kibali: wafanyabiashara waliofilisika, askari walioacha kazi, watu waliotafuta utajiri wa haraka. Kila mmoja alikuwa na bunduki ya baruti isiyo na moshi. Tembo wa Lado walipigwa kuliko wakati wowote uliotangulia, na watu wa vijiji waliokuwa wameteseka chini ya utawala wa Leopold wakashuhudia wageni wapya wakibeba mali ya porini.

Bell mwenyewe alisogea mbele. Aliwinda katika Kongo ya Wabelgiji, katika Kongo ya Wafaransa, Ethiopia, Liberia na Ivory Coast. Hesabu yake iliandikwa kama ya mfanyabiashara wa duka: tembo wangapi, risasi ngapi, meno yenye uzito gani. Kati ya tembo 1,011, majike yalikuwa 28 tu, kwa kuwa dume mzee ndiye mwenye meno mazito. Hakujidai kwamba ni mchezo. Ilikuwa biashara, na risasi ya bei ndogo inayoua kwa pigo moja ilikuwa sehemu ya faida.

Rubani mwenye bunduki ya tembo

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka wa 1914, Bell alikuwa porini katika Kongo ya Wafaransa. Alirudi Uingereza, akajifunza kuendesha ndege na kujiunga na jeshi la anga. Alitumwa Tanganyika, wakati Waingereza na Wabelgiji, pamoja na askari wa Kongo wa Force Publique, walipokuwa wakipigana na Wajerumani. Inasimuliwa kwamba mara nyingine aliruka peke yake, bila mwenzake wa kuchunguza, ili apate nafasi ya kupiga adui kwa bunduki yake ya uwindaji.

Kisha akapelekwa Salonika, Ugiriki, ambako mwezi wa Desemba 1916 aliangusha ndege ya Ujerumani. Alipewa nishani ya Military Cross. Mwaka wa 1918 aliacha jeshi kwa sababu ya ugonjwa.

Baada ya vita alifanya safari chache zaidi za uwindaji. Ya mwisho ilikuwa kwa magari, pamoja na Wamarekani, upande wa Chad. Alikuwa ameanza kazi kwa miguu, na sasa magari yalikuwa yakifika mahali ambapo misafara ilitumia miezi. Alielewa kwamba wakati wake umekwisha.

Miaka ya mwisho Scotland

Bell alimwoa Kate Soares, binti wa mwanasiasa wa Uingereza Ernest Soares. Walikaa Corriemoillie, shamba la milimani kaskazini ya Scotland. Pesa za meno ya tembo zilimwezesha kuishi vizuri. Mwaka wa 1934 alitengenezewa mashua ya mashindano, Trenchemer, na kusafiri nayo baharini mpaka vita vya pili vya dunia vilipokaribia.

Aliandika vitabu na kuvichorea picha mwenyewe. Cha kwanza kilitoka mwaka wa 1923, cha pili mwaka wa 1949, na cha tatu kilichapishwa mwaka wa 1960, baada ya kifo chake. Alifariki mwaka wa 1954, akiwa na miaka 73.

Vitabu hivyo viliwasha ubishi ambao haujaisha. Wengine walichukua jina lake kama ushahidi kwamba bunduki ndogo inatosha kwa kila mnyama. Walisahau fuvu lililokatwa kwa msumeno, mazoezi ya kila siku na risasi zilizochaguliwa kwa uangalifu. Watu waliomwiga bila ujuzi wake walijeruhi tembo wengi, na baadhi yao waliuawa. Ndiyo maana katika nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji, sheria inakataza kupiga tembo au nyati kwa bunduki iliyo chini ya .375. Chini ya sheria hiyo, bunduki iliyomfanya Bell awe tajiri isingeruhusiwa.

Hesabu iliyobaki

Katika siku za Bell, watu wachache walifikiri kwamba tembo wanaweza kwisha. Mwaka wa 1938, serikali ya Ubelgiji ilianzisha hifadhi ya Garamba katika Haut-Uele, si mbali na ile nchi ya Lado. Katika miaka ya 1970, Garamba ilikuwa na tembo zaidi ya 20,000. Leo wamebaki chini ya 2,000. Hawakuuawa na watu wa aina ya Bell. Waliuawa na makundi yenye silaha za kivita, yanayopiga risasi nyingi bila kuchagua dume au jike, na walinzi wa hifadhi wengi wamepoteza maisha wakiwalinda waliobaki.

Hata hivyo, njia ni moja. Kabla ya baruti isiyo na moshi, kuua tembo mmoja kulihitaji bunduki ya mtu mwenye nguvu nyingi na wingu la moshi lililomficha mnyama machoni mwake. Baruti ya Vieille na kordaiti ya Abel na Dewar ziliondoa moshi, zikapunguza uzito, na kumpa mtu mmoja uwezo wa kuangusha kundi zima kabla ya jua kuzama. Bell aliutumia uwezo huo kwa hesabu kali kuliko wote, akijua uzito wa kila kichwa cha risasi na tabia ya kila baruti. Waliokuja baada yake waliurithi uwezo bila hesabu, na tembo wa Uele ndio waliolipa.